Umeme wa SNEL hauna kosa: ni haraka inayoharibu "Masanga"

LUBUMBASHI – Kuna jibu moja ambalo limekuwa kama sala kwa vijana wanaorekodi nyimbo za zamani nyumbani, hapa Lubumbashi na kule Likasi. Mtu akimwambia kijana kwamba gita haisikiki, anajibu: hakuna umeme. Akimwambia kwamba mwimbo unamkimbia mwimbaji, anajibu: hakuna studio. Akimuuliza sababu gani jina la mtungaji halikuandikwa popote, anapata jibu lile lile: mzee, tuko Kongo.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu watu wanalipokea bila kubisha. Lakini linafunika makosa mengi yasiyo na uhusiano wowote na umeme. Na mwimbo unaoumia zaidi kwa kisingizio hicho ni "Masanga" wa marehemu Mwenda Jean-Bosco, ule ambao wapiga gita wengi wa Katanga wanataka siku moja kuuweka mkononi mwao. Unapendwa, na kwa kuwa unapendwa unarekodiwa tena na tena: katika chumba cha kulala, kwa simu, kwa kompyuta ya kuazima, usiku wa manane umeme ukirudi. Kurekodi hivyo si kubaya. Kubaya ni kuutuma mwimbo kwa watu usiku ule ule na kusema umekwisha.

Mambo yasemwe vile yalivyo. Nyumba nyingi za Katuba, Ruashi na komine ya Kenya zina kuta tupu zinazorudisha sauti, na juu kuna mabati. Mvua ikianza, kazi inasimama. Jirani akiwasha jenereta, ngurumo yake inaingia kwenye kila neno. Kwenye avenie ile ile kuna kanisa lenye mkesha, kuna baa, kuna watoto wanaocheza mpira mbele ya mlango. Simu nayo ina tabia yake: inapandisha sauti ndogo na kushusha sauti kubwa bila kumuuliza mwenyewe, ili maneno ya mtu anayepiga simu yasikike vizuri, na kwa gita tabia hiyo ni sumu. Halafu mwimbo ukipitia WhatsApp, mara nyingi sauti inabanwa ili ipite kwa mega chache. Hayo yote ni kweli. Hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu kijana juu ya mvua.

Lakini mtu akae asikilize rekodi zenyewe. Mara nyingi kinachochosha sikio si jenereta wala mvua. Ni ngoma ya mashini iliyopandishwa mpaka gita imezama chini yake. Ni besi ya programu iliyowekwa mahali pale pale ambapo dole gumba la mpiga gita lilikuwa linafanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo vitu viwili vinagombania kiti kimoja. Ni sauti ya mwimbaji iliyopitishwa kwenye Auto-Tune mpaka haijulikani kama ni mtu wa Likasi au wa mji gani mwingine. Ni kelele za kujitaja jina, jina la studio na jina la rafiki aliyetoa kompyuta, zilizorundikwa juu ya mwanzo wa gita, yaani juu ya sehemu ile ambayo watu wanaipenda kuliko zote. SNEL haikuweka ngoma hiyo. SNEL haikupiga kelele hizo. Ni mkono wa mtu, na umeme ulikuwepo wakati anafanya.

Historia ya mwimbo wenyewe inatosha kukivunja kisingizio cha studio. Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka wa 1930, mtu wa ukoo wa Bayeke wa Bunkeya. Mwaka wa 1952 alikuwa Likasi, mji uliokuwa bado unaitwa Jadotville. Huko ndiko alikomkuta Hugh Tracey, mtu aliyekuwa anazunguka Afrika na gari lake na vyombo vya kurekodi ili kukusanya miziki ya watu. "Masanga" ilirekodiwa hapo hapo, mtu na gita yake, gita kavu ya nyuzi za chuma, bila kompyuta, bila nafasi ya kukata kipande kibaya na kubandika kizuri. Ilitoka kwenye santuri za Gallotone za Johannesburg, zile santuri za zamani ambazo upande mmoja ulibeba dakika 3 hivi. Dakika hizo 3 zilifika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi, na wapiga gita wa Kenya wakamfuata kwa masikio na kwa macho. Mwaka wa 1969 alipiga gita yake Marekani, kwenye tamasha la Newport.

Kwa hiyo "Masanga" yenyewe si mtoto wa studio. Ilichukuliwa na mashini ya kusafiri, katika mji wa wafanyakazi wa migodi, kutoka kwa kijana wa miaka 22. Kijana wa leo mwenye simu hana vyombo vibaya kuliko vile kwa kiasi anachodhani. Ana njia ya kurekodi mara 50 bila kununua utepe, ana programu inayomwezesha kuweka kila sauti kwenye mstari wake, ana uwezo wa kufuta na kuanza upya. Kitu ambacho Bosco alikuwa nacho, na ambacho vijana wengi wanakataa kukitafuta, ni mkono uliokuwa tayari kabla mashini haijawashwa. Tracey hakumkuta mtu anayetafuta noti zake. Alimkuta mtu ambaye mwimbo umeshamkaa kwenye vidole.

Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo. Kurekodi nyumbani si mwisho wa kazi, ni mwanzo wake. Rekodi ya kwanza inamwonyesha kijana mahali ambapo hajui mwimbo. Akiirudilia, anajifunza. Akiisambaza, anawafundisha wengine kosa lake.

Tuseme kijana mmoja wa Kamalondo anataka kupanga upya "Masanga". Anafungua programu kwenye kompyuta, na programu inamkaribisha kwa mwendo uliopangwa tayari: mapigo yaliyo sawa kama nguzo za uzio, umbali ule ule kati ya moja na jingine. Anachagua ngoma kutoka kwenye zile zilizomo, kwa sababu zinatoa sauti kubwa na safi. Halafu ndipo anachukua gita na kujaribu kupiga juu yake. Gita ya Bosco ilikuwa inapumua. Dole gumba linashika besi kwenye nyuzi za chini, kidole cha shahada kinaimba juu, na kati ya viwili hivyo kuna kusukumana kidogo ambako ndiko kunakomfanya msikilizaji afikiri kuna watu wawili wanaopiga. Kusukumana huko hakukubaliani na nguzo za uzio. Dole gumba linaanguka kando ya ngoma. Kijana anasikia kama gita yake inakosea, kumbe ni ngoma isiyojua mwimbo. Anafanya nini? Anashusha gita. Anaongeza besi ya mashini ili kuziba shimo. Anaweka kinanda juu ili kuziba shimo la pili. Mwishowe kimebaki kitu kinachoweza kubeba mwimbo wowote wa dunia, na juu yake limeandikwa jina "Masanga".

Hilo si kosa la umeme. Ni kosa la kupanga mambo kinyume. Kijana aliiambia gita ifuate mashini, na ilipaswa mashini iifuate gita.

Dawa yake inajulikana na haina bei. Kijana arekodi gita peke yake kwanza, mwimbo mzima, bila ngoma, bila mlio wa kuhesabu mwendo, mara nyingi kadiri inavyotakiwa, mpaka apate moja ambayo mtu anaweza kuisikiliza bila kuongeza kitu. Hiyo iwe mfupa wa kazi. Kama hawezi kupata hiyo moja, basi hakuna programu itakayomwokoa, na arudi kwenye mazoezi. Akishaipata, aulize kila kitu anachotaka kuongeza: kinakuja kufanya kazi gani ambayo gita haifanyi? Besi? Dole gumba linaifanya. Kinanda? Kidole cha shahada kinaimba tayari. Ngoma? Huenda mwimbo unaihitaji, huenda hapana. Katika rekodi nyingi za gita kavu za zamani, chupa tupu inayogongwa ndiyo ilikuwa ngoma yote. Chupa haihitaji SNEL. Kijana anayesema hana vyombo, na chupa iko chini ya meza yake, hajatafuta.

Na kama anataka ngoma kubwa ya kuchezesha watu, ni haki yake. Hakuna sheria inayosema kwamba mwimbo wa 1952 hauwezi kuingia kwenye sherehe ya leo. Lakini hiyo ngoma ipigwe na mtu anayesikiliza gita, au ipangwe pigo moja moja kufuatana na gita iliyokwisha kurekodiwa. Kazi hiyo inachukua usiku mwingi. Ndiyo inayoitwa kupanga mwimbo. Kuchukua ngoma iliyomo kwenye programu na kuilaza juu ya mwimbo wa mtu ni kazi ya dakika 5, na inasikika kama kazi ya dakika 5.

Vijana wengine wanajibu kwamba mambo ya leo ni mbio. Anayekaa wiki tatu na mwimbo mmoja, wengine watamtangulia. Jibu hilo linachekesha kidogo. Mwimbo umesubiri tangu 1952. Umepita ukoloni, umepita uhuru, umepita vita vya Katanga, umeona inchi ikibadilisha jina mara kadhaa na mji wa Jadotville ukiitwa Likasi. Utashindwa kusubiri wiki tatu? Anayetanguliwa ni yule ambaye kazi yake inafanana na ya wengine wote. Yule mwenye gita inayosikika hana wa kushindana naye, kwa kuwa wengine wote wameizamisha.

Tena kuna aibu ambayo mji huu unapaswa kuitazama usoni. Mwingereza mmoja, John Low, mpiga gita, alisafiri mpaka Lubumbashi ili kukaa karibu na Bosco na wapiga gita wengine wa wakati ule na kutazama vidole vyao. Mwaka wa 1982 alitoa kitabu juu ya safari hiyo, "Shaba Diary". Mtu alitoka mbali kuja kuona jambo ambalo lilikuwa linafanyika nyuma ya nyumba za watu wa Lubumbashi. Leo kijana aliyezaliwa hapa anajifunza "Masanga" kwenye simu, kutoka kwa video ya mgeni, na hajawahi kubisha mlango wa mzee wa kartiye yake ambaye anaupiga mwimbo huo jioni chini ya mwembe. Kuvuka barabara hakuhitaji mega. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini vijana wengi wanataka cha mvunguni huku wamesimama wima.

Hata hivyo, wazee nao hawatoki kwenye kesi hii mikono mitupu. Kuna wazee ambao wakisikia tu kwamba kijana amegusa "Masanga" wanatoa hukumu: ameharibu, mwimbo wa mzee haubadilishwi. Hiyo si kweli, na wao wanajua si kweli. Bosco mwenyewe aliendelea kuupiga na kuurekodi "Masanga" kwa miaka mingi baada ya 1952, na hakuupiga kila mara kama santuri ya kwanza. Mwimbo ulikua pamoja naye. Mtungaji hakuufungia kwenye sanduku, basi kwa mamlaka gani watu wengine wanaufungia leo? Mzee anayesema "usiguse" na hamwonyeshi kijana mahali pa kuweka kidole, huyo naye anauzika mwimbo. Tofauti ni kwamba kijana anauzika kwa kelele, na mzee anauzika kwa kunyamaza.

Na mfano wa kupanga upya kwa heshima upo, tena kutoka kwa mtoto wa mji huu. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, alichukua "Indépendance Cha Cha", ule mwimbo ambao Joseph Kabasele na African Jazz waliurekodi Brussels mwaka wa 1960, akautumia kuandika maneno yake mwenyewe juu ya Kongo ya miaka 50 baadaye. Kazi hiyo aliiita kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, "Le Jour d'après / Siku ya baadaye", na jina la mwimbo wa zamani likabaki limeandikwa pamoja nayo. Watu wanaweza kuipenda au kutoipenda. Lakini hakuna mtu aliyedanganywa. Msikilizaji anajua kitu gani ni cha Kabasele na kitu gani ni cha Baloji. Aliubadilisha mwimbo sana kuliko vijana wa Katuba wanavyoubadilisha "Masanga", na bado hakuuibia.

Hapo tunafika kwenye jambo la jina, na hapa kisingizio cha umeme kinakufa kabisa. Kuandika "Mwenda Jean-Bosco" chini ya mwimbo kunahitaji sekunde chache na hakuli betri. Lakini nyimbo nyingi zinazozunguka kwenye simu zina jina la mwimbaji, jina la aliyepanga ngoma, namba ya simu ya kuitwa kwenye sherehe, na jina la mtungaji halimo. Wengine wanaandika "mwimbo wa zamani", kama vile mwimbo uliota wenyewe kando ya barabara kama majani. Haukuota. Kuna mtu aliyeutunga, na mtu huyo ana jamaa.

Sheria ya Kongo juu ya jambo hili si mpya. Ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watungaji. Inasema wazi kwamba anayetaka kupanga upya au kugeuza kazi ya mtu anapaswa kuwa na ruhusa ya mwenye haki, na inalinda kazi hiyo hata baada ya kifo cha mtungaji, kwa miaka 50. Bosco alikufa mwaka wa 1990, kwa ajali ya gari huko Zambia. Hesabu si ngumu: mpaka 2040 mwimbo una wenyewe. Kuna shirika la kukusanya haki hizo, SOCODA, lililokuja baada ya SONECA ya zamani. Watu wana malalamiko yao juu ya namna haki zinavyolipwa katika inchi hii, na malalamiko hayo yana nafasi yake. Lakini kijana anayesema "hakuna anayelipa, basi na mimi siandiki jina" anafanya kama mtu anayeona jirani ana uzio mbovu, kisha anabomoa na wa kwake.

Maana sheria ile ile inamlinda yeye pia. Mpangilio mzuri wa mwimbo wa zamani, uliofanywa kwa ruhusa, nao ni kazi yenye mwenyewe. Zile njia mpya alizozipata kwenye gita, sauti za pili alizoziandika, ngoma aliyoipanga pigo kwa pigo, hizo ni zake. Kesho mtu mwenye studio kubwa akizichukua bila kumtaja, kijana huyo atapiga kelele, na atakuwa na haki. Lakini watu watamuuliza: wewe ulipomchukua Bosco, ulimtaja wapi?

Redio za miji hii zina sehemu yao katika uharibifu huu, na si ndogo. Mtangazaji anapokea mwimbo kwa WhatsApp saa 4, saa 5 unapigwa hewani. Hakuusikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza nani alitunga. Hakuomba ule wenyewe kutoka kwenye kompyuta ya kijana, ule ambao haujabanwa. Anautangaza kuwa ni mwimbo mpya. Mahali pengine kuna tabia mbaya zaidi: kijana anaombwa franka ili mwimbo wake upigwe, na akishalipa hakuna anayethubutu kumwambia kwamba gita haisikiki. Fedha imefunga mdomo wa yule ambaye kazi yake ni kusikiliza. Mtangazaji wa miziki anayestahili jina hilo angemrudishia kijana mwimbo mara ya kwanza na kumwambia: shusha ngoma, rudisha gita, lete tena Ijumaa. Neno hilo moja lina faida kwa kijana kuliko kupigwa hewani mara 10.

Wengine watasema haya yote ni makelele juu ya mwimbo mmoja, na watu wana njaa, wana vita mashariki, wana barabara zilizokatika. Ni kweli wana hayo yote. Lakini watu wenye njaa wanaimba pia, na kitu walicho nacho ambacho hakuna mchimbaji aliyekipeleka kwenye lori mpaka mpakani, ni hicho. Shaba ya Likasi iliondoka kwa treni. Gita ya Likasi ilibaki kwenye vidole vya watu. Ikipotea nayo, isisemwe kwamba wageni waliichukua. Wageni walikuja kujifunza.

Na hatari yenyewe iko karibu. Mtu aliyekuwa na miaka 20 Bosco alipokufa, leo amevuka 50. Wale waliomwona akipiga, wakahesabu kwa macho dole gumba linavyokwenda, wanazidi kupungua kila mwaka. Mtoto wa miaka 12 wa Kikula au wa Ruashi atakutana na "Masanga" kwa mara ya kwanza kwenye simu, na atakayoisikia kwanza si ya 1952. Ni ile iliyorekodiwa juzi katika chumba cha kaka yake na kusambazwa usiku ule ule. Kwake, hiyo ndiyo itakuwa "Masanga". Kama gita haimo, atakua akiamini kwamba haikuwamo. Hatakuwa amesahau kitu, kwa sababu hakuwahi kukipata. Ndiyo maana haraka ya usiku mmoja si jambo la kuchekea.

Kwa hiyo yanayotakiwa yanajulikana. Kijana akimaliza kurekodi, aiweke rekodi yake siku 3 bila kuigusa. Siku ya nne aisikilize kwa redio ndogo ya jikoni, aisikilize kwenye taksi-bus, aisikilize na mtu ambaye si rafiki yake. Aiweke kando ya ile ya 1952 na kuuliza swali moja tu: dole gumba liko wapi? Kama halisikiki, azime ngoma zote, abaki na gita, aanze tena kutoka hapo. Aitunze rekodi ya kwanza asiifute, ili aone alikotoka. Aende kwa mzee wa kartiye na gita mkononi, ampe heshima yake, akae chini, atazame. Aandike jina la Mwenda Jean-Bosco juu ya jina lake mwenyewe, si chini. Aitafute familia au SOCODA kabla ya kuuza hata kadi moja ya memori.

Mzee naye afungue mlango, na akifungua asianze na matusi. Aanze na kidole. Mtangazaji arudishe mwimbo mbovu bila woga, na auombe tena ukiwa mzuri. Msikilizaji anayepokea "Masanga" kwenye simu, kabla ya kuutuma kwa watu 200 wa kundi lake, asikilize kwanza kama kuna gita ndani. Kama haimo, amwandikie kijana maneno mawili: rudilia, ndugu. Hayo si matusi. Ni msaada ambao marafiki wanaosifu kila kitu hawampi.

Umeme utakatika tena wiki hii, hilo halina shaka. Gita kavu haina waya. Saa hizo za giza ndizo saa nzuri za kujifunza dole gumba, ili umeme ukirudi kuwe na kitu cha kurekodi.